Bibi wa Urefu wa Kidole

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kupanda juu ya meza ya mkurugenzi, mchana kweupe, mbele ya mtu aliyevaa tai, nikapigiwa makofi. Sasa kabla hujaenda kunisimanga kwa watu, ngoja nimalizie: siku hiyo juu ya meza nilikuwa na urefu wa kidole cha kati, na magoti yangu ya kweli yalikuwa pembeni kwenye kiti, yananiuma kama kawaida yake. Wala sikupanda mwenyewe, nilipandishwa. Lakini makofi yalikuwa makofi, na hayo sipunguzi hata moja.

Aliyenipandisha ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu. Jina lake analo, alipewa kwa heshima zote, ila mimi namwita Sisimizi. Alipokuwa na miaka mitatu nilimkuta uani anaburuta jora zima la kitambaa changu, jora lenyewe limemzidi mara mbili, jasho linamtoka, na hataki kusaidiwa. Mpaka leo ndivyo alivyo. Na yeye akitaka kunichokoza ananiita mke mwenza. "Mke mwenza, chai ipo?" Namjibu, "Ipo, ila sumu nimesahau kuitia." Ndiyo mapenzi yetu hayo, asiyeyajua asituamulie.

Sisimizi amesomea ubunifu. Mwanzoni na mimi sikuelewa ni ubunifu wa nini, mpaka akanipeleka kuona dirisha la duka moja la viatu alilolipamba akiwa bado chuoni. Viatu vilikuwa vinapanda ngazi vyenyewe, kimoja kimoja, vinaelekea juu, na kimoja kidogo cha mtoto kimechoka kimekaa katikati ya ngazi. Watu walikuwa wanasimama kwenye jua kukitazama kile cha mtoto. Nikasema, haya, nimeelewa: mimi navisha watu, huyu anavisha vyumba.

Alipomaliza chuo akaanza kuomba kazi. Barua zake zilikuwa zimenyooka kama suruali ya bwana harusi. Mwaka ukapita, na wote walimjibu neno moja: tutakujulisha. Hilo neno nalijua. Nimekuwa fundi cherehani miaka arobaini, na kila mteja ambaye gauni lake sijaligusa nilimwambia hilohilo.

Ndipo mjomba wake, mwanangu wa kwanza, akaingilia kati. Ana duka la vifaa vya ujenzi: misumari, bawaba, rangi, makufuli. Ni mtu mwema ingawa ana sauti ya lori linalopanda mlima. Alikuja Jumapili, akakaa, akasema, "Mama, huyu mtoto namwekea kiti nyuma ya kaunta. Jumatatu ijayo aanze. Nikingoja zaidi ya hapo itabidi nichukue mtu mwingine."

Binti yangu, mama yake Sisimizi, ni nesi, mtu wa mambo yanayoshikika. Akasema, "Msumari haujawahi kukosa mnunuzi."

Sisimizi aliinama akachezea ukingo wa kitambaa cha meza. Kisha akasema, "Anko, nina moja imebaki. Ni Alhamisi. Nikikosa, Jumatatu nakuja kuuza misumari na sitanuna."

Akaondoka mjomba, na neno likawa limekaa mezani pale: Alhamisi au misumari.

Hiyo moja iliyobaki ilikuwa ni karakana kubwa inayotengeneza maonyesho. Wanapamba madirisha ya maduka, wanajenga vibanda vya maonyesho ya biashara, wanapanga kumbi za makumbusho. Walikuwa wanataka mbunifu mmoja. Walipitia kazi za nyuma za walioomba, wakachagua watu sita, wakawaandikia: njooni Alhamisi, msilete vyeti, msilete kurasa nane za sifa zenu. Kila mtu alete karatasi moja. Itushangaze. Dakika kumi na tano.

"Karatasi moja?" nikasema. "Hata mimi naweza. Naandika 'Nipeni kazi', na nafasi ya salamu inabaki."

"Karatasi yangu itakuwa na mtu ndani, bibi."

"Ndani ya karatasi."

"Juu yake. Unaelekeza simu kwenye karatasi. Kwenye kioo cha simu unaiona karatasi ileile, na meza ileile, ila juu yake kuna mtu mdogo anafanya kazi. Ukiondoa simu, hayupo. Ukirudisha, yupo." Akaniambia jambo hilo linaitwa uhalisia ulioongezwa.

Nikamwambia huu tulionao umenitosha, nani kaomba nyongeza? Lakini nikauliza, "Na huyo mtu ni nani?"

"Wewe."

"Mimi? Mbona wasichana wazuri wamejaa mtaani?"

"Kubuni sikujifunza chuoni, bibi. Chuoni nilijifunza majina yake. Kubuni kwenyewe nilikuona kwako wewe, ukiwa na kitambaa chini ya mkasi, unakitazama muda mrefu kabla hujakata."

Nikasema nina kazi jikoni. Nikaenda jikoni. Sikuwa na kazi jikoni.

Alinipiga picha, hizi za kutembea, sebuleni. Sisimizi alitundika shuka la kijani ukutani na lingine akalitandika chini, akaweka cherehani yangu katikati. Alinieleza kwamba kila kilicho kijani kitafutwa na kompyuta, nitabaki mimi peke yangu bila ukuta. "Kwa hiyo vaa chochote kisiwe kijani." Sasa gauni langu zuri ni moja tu na ni la kijani. Nikajiambia, kijani changu ni cha parachichi, chake ni cha pazia la wodini, vitapishana. Nikashona, nikatabasamu, nikageuza shingo kama bibi harusi. Alipokuja kunionyesha, kwenye kioo palikuwa na kichwa na viganja viwili. Vinaelea. Vinashona.

Binti yangu alikuwa ndiyo anaingia kutoka kazini. Akachungulia, akavua viatu, akasema, "Mama, leo ndiyo umefikia uzito alioutaka daktari."

Mara ya pili nikavaa la buluu. Nikakanyaga pedali, nikasukuma kitambaa, nikakivuta upande wa pili, hivyo hivyo mara nyingi mpaka nyonga ikalalamika. Mwisho akaniambia nisimamishe cherehani, nimtazame yeye, niseme kitu kumhusu. "Chochote, bibi. Ila kiwe cha kweli."

Nikasema nilichosema. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta macho, akasema hilohilo ndilo linakwenda. Nini nilisema? Tulia, tutafika.

Jumatano jioni kazi ilikuwa imekamilika na akanionyesha. Karatasi yenyewe nzito, rangi ya maziwa. Katikati kachora meza yangu ya kazi kama inavyoonekana ukiitazama kutoka juu: mkasi, chaki, kijisanduku cha vifungo, na mahali pa cherehani patupu. Kuzunguka pande zote nne kachora utepe wa kupimia, na namba zake, na vimistari vyake vyote, kama fremu. Akaelekeza simu. Na mimi huyo! Nimekaa mahali patupu pale na cherehani yangu, mdogo kama kijiko cha chai, nashona, na kitambaa kinatoka kwenye cherehani kinatambaa juu ya karatasi, na kwenye kitambaa zinapita kazi zake zote: dirisha la viatu, kibanda cha mizinga ya nyuki, ukumbi wa ngoma za kale. Kila nikikanyaga pedali inakuja nyingine. Nilizungusha kichwa nikajiona na mgongo. Sikujua kama mgongo wangu umeinama kiasi kile, lakini ulikuwa unapendeza kazini.

"Inajuaje kama ni karatasi yenyewe?" nikauliza. "Nikielekeza kwenye bili ya umeme sitokei?"

"Simu imefundishwa sura ya karatasi hii tu. Inaitambua hasa kwa huu utepe wa pembeni, namba na vimistari. Ni kama mtoto mchanga, bibi. Mama yake akivaa barakoa, analia, anaona mgeni. Kwa hiyo isimwagikiwe chai na isikunjwe."

"Nimesikia."

Na kweli nilisikia. Nataka hilo likumbukwe.

Alhamisi asubuhi nilivaa gauni langu la kijani, maana siku hiyo hapakuwa na shuka la kunimeza. Karatasi ilikuwa mezani, na bahasha kando yake. Sisimizi akapiga kelele kutoka bafuni, "Bibi, nisaidie kuitia kwenye bahasha, ufunge na gundi! Nachelewa!"

Nikaishika. Nikaigeuza mwangani. Nzuri, tena nzuri mno. Halafu kidole changu kikapita pembeni.

Ilikuwa imekatwa kwa wembe na kuachwa vilevile. Ukingo mtupu! Sasa elewa, mama aliyenifundisha ushonaji alikuwa na sheria moja, na aliisisitiza kwa rula: kazi isiyo na pindo ni kazi iliyokimbiwa. Tangu hapo hakuna kilichotoka mlangoni kwangu bila pindo. Si gauni, si pazia, si tambara la kufutia vumbi. Leo damu yangu ikasimame mbele ya wakubwa na kitu chenye ukingo wazi? Watauliza, kwao hakuna mtu mzima?

Nikatazama mlango wa bafuni. Maji bado yalikuwa yanamwagika. Aliniambia nisimwagie chai. Sikumwagia. Aliniambia nisikunje. Sikukunja. Kushona hakukutaja.

Nikatia uzi mwekundu, nikaweka zigizaga nyembamba, nikaipitisha karatasi chini ya sindano polepole, pande zote nne, pembeni kabisa, juu ya ule utepe, maana utepe ndio ulikuwa pembeni. Cherehani haikulalamika. Kona ya mwisho nilimalizia kwa mkono, fundo dogo lisiloonekana. Karatasi ilijikunyata kidogo kwa kubanwa na uzi, nikailainisha kwa kiganja. Bahasha. Gundi. Sisimizi alipotoka bafuni nilikuwa nimekaa na kikombe changu, mtakatifu.

"Umeifunga?"

"Nimeifunga." Na hapo sikusema uongo.

Akataka twende wote. "Ukae kwenye korido tu, bibi. Nikijua upo, mikono haitetemeki."

Karakana ilinuka rangi mbichi na mbao zilizokatwa leo. Kwenye korido palikuwa na benchi, na mlango wa chumba cha usaili ulikuwa na kioo chembamba cha kwenda juu, kama kimewekwa kwa ajili ya mabibi. Sisimizi alikuwa wa mwisho katika wale sita. Kijana mmoja alitoka na karatasi iliyokunjwa kuwa ndege, ukivuta mkia inafunguka. Msichana mwingine karatasi yake ilikuwa na harufu, sijui harufu ya nini, lakini nilipiga chafya mbili. Niliwatazama wote nikajiambia, pindo hamna hata mmoja.

Akaitwa. Akaingia, mlango ukabaki wazi upana wa vidole viwili. Ndani walikuwa wawili. Mkurugenzi, mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Na mwanamume mwenye tai, ambaye sikujua cheo chake, nikampa mwenyewe: Bwana Tai.

Sisimizi alifungua bahasha, akavuta karatasi nje. Alikuwa amenipa mgongo, lakini mtu uliyemlea unamsoma mgongoni kuliko usoni. Mabega yakapanda. Yakabaki huko juu. Halafu akaiweka karatasi mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mheshimiwa, fungua ule ukurasa niliowatumia kwenye simu, kisha uielekeze kwenye karatasi," akasema.

Mkurugenzi akavaa miwani, akaelekeza. Akasogea. Akarudi nyuma. Akainua simu, akaishusha.

"Naona karatasi," akasema Bwana Tai, akichungulia begani kwake. "Nzuri. Ulisema tutamwona bibi yako."

"Labda ni mtandao," akasema Mkurugenzi.

"Au bibi amechelewa," akasema Bwana Tai, akacheka peke yake.

Ndipo yule mtoto mchanga akanijia kichwani. Mama kavaa barakoa, mtoto analia. Na barakoa niliivalisha mimi, kwa zigizaga, uzi mwekundu, pande zote nne. Nikaona kaunta ya mwanangu, na makopo ya misumari, na Sisimizi wangu anapima misumari ya inchi tatu akiwa hanuni, kwa sababu aliahidi hatanuna.

Aligeuza kichwa. Macho yake yakapita kwenye kioo cha mlango yakanikuta. Neno moja tu lilimtosha: bibi yangu kaiharibu. Angelisema, wangemwonea huruma, wangempa siku nyingine, na mimi nisingekuwa na la kujibu.

Akageuka mbele. Sauti yake haikutikisika. "Karatasi imebadilika sura tangu jana, na simu haiijui. Naomba dakika kumi niifundishe upya hapahapa, mbele yenu."

"Una kumi na tano zote," akasema Bwana Tai akitazama saa, "na umeshatumia nne."

"Basi kumi zinatosha, na moja inabaki ya kuwashukuru."

Wacha nikuambie kitu. Nimeshona nguo za harusi mia na zaidi. Nimemwona binti yangu akivalishwa kofia ya unesi. Nimemwona mwanangu akifungua duka lake. Lakini sikuwahi kusimama wima kwa fahari kama nilivyosimama kwenye korido ile, nyuma ya mlango, mkosaji. Hakuniuza. Kasimama juu ya kosa langu kama juu ya kigoda, akajifanyia urefu.

Sasa dakika kumi za watu wawili kutazamana na karatasi ni nyingi. Nikasukuma mlango.

"Bibi hajachelewa," nikasema. "Ni huyu hapa. Yule mdogo anakuja."

Mkurugenzi alinitazama, akacheka, akaniletea kiti mwenyewe. Sisimizi aliipiga karatasi picha kutoka juu, akairudisha mezani, akachuchumaa dirishani na kompyuta yake kwenye magoti, akaziba masikio na vile visikilizio, vidole vikaanza kukimbia. Sisimizi kapata jora lake.

Mimi nikashika zamu yangu. Nikamwambia Bwana Tai, "Baba, hilo koti alikushonea nani?"

"Kwa nini?"

"Mkono wa kushoto umezidi wa kulia kwa nusu inchi."

"Si kweli."

"Nyoosha mikono mbele."

Akanyoosha. Mkurugenzi akaegemea kuangalia. Nusu inchi kamili.

"Miaka mitano nalivaa hili!" akasema Bwana Tai.

"Na miaka mitano watu wanakuficha. Ningekuwa na sindano hapa ningekurekebishia hapahapa, lakini ndiyo hivyo, nimekuja mikono mitupu."

Nikamweleza Mkurugenzi kuhusu kichwa na viganja vilivyoelea, akavua miwani kufuta machozi. Nikaona nimefanya kazi nzuri, nikaanza hata kulegea. Ndipo akaichukua karatasi, akapitisha kidole pembeni, kama nilivyopitisha mimi asubuhi.

"Huu ushonaji," akasema. "Nimeona karatasi nyingi kwenye kazi hii. Sijawahi kuona iliyopigwa pindo. Umenyooka kama umepigiwa rula. Nani kashona?"

Nikamtazama Sisimizi. Masikio yameziba, macho yako kwenye kompyuta. Nikawaza: nikisema ni mimi, watajua kwamba niliiharibu, na kwamba msichana kaja na kazi iliyochezewa na bibi yake bila kuiangalia. Nikisema ni yeye, ni sifa juu ya sifa. Uongo ukatoka umeshapigwa pasi.

"Yeye mwenyewe. Kwa mikono yake. Nilimfundisha tangu mdogo, siku hizi ananishinda."

"Hata hizi kona?"

"Hasa kona."

Bwana Tai akasema, "Basi nitamletea yeye koti."

"Tayari," akasema Sisimizi kutoka dirishani, akavua visikilizio. "Jaribu sasa, mheshimiwa."

Mkurugenzi akaelekeza simu. Na mimi huyo! Palepale, katikati ya meza yake, kati ya kikombe chake na rundo la mafaili, nimekaa ndani ya pindo jekundu kama malkia ndani ya uwanja wake, nakanyaga pedali. Kitambaa kikatoka. Viatu vikapanda ngazi. Mizinga ya nyuki ikapita, ngoma za kale zikapita. Mkurugenzi akazunguka meza nzima kunitazama kila upande. Bwana Tai, mtu mzima na tai yake, aliinama akachungulia chini ya meza.

"Huko chini hayupo," nikamwambia. "Miguu yake haifiki."

Hapo ndipo makofi. Wote wawili. Na mlangoni yule kijana wa karatasi ya ndege, aliyekuwa amebaki kwenye korido, naye akapiga. Nilihesabu mikono sita.

Mkurugenzi aliishikilia simu vilevile, hakutaka niondoke, na huku anasema na Sisimizi. "Watano wameingia humu na vitu vilivyofanya kazi. Wewe chako kiliharibika mbele yangu, ukakitengeneza mbele yangu, na hukumlaumu mtu. Sisi huku, saa moja kabla ya ufunguzi, daima kuna kitu kimeharibika. Huyo ndiye mtu ninayemtafuta. Jumatatu saa mbili asubuhi uwe hapa."

Sisimizi alinigeukia. Akanishika mkono. Nikawaza, mwanangu wa duka, tafuta mtu mwingine wa misumari.

"Na Jumatatu uje na sindano yako," Mkurugenzi akaongeza.

"Sindano?" akasema Sisimizi.

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kikohozi cha mzee anayetaka kurudishwa nyumbani mara moja. "Mjukuu wangu, twende, hewa ya rangi hii..."

"Ngoja kidogo, bibi," akasema Mkurugenzi, macho yako kwenye simu. "Huyu mdogo amesimamisha cherehani. Anatutazama. Mdomo wake unatembea. Anasema nini?"

"Salamu tu," nikasema. "Salamu za wazee, ndefu, hazina maana."

"Nilizima sauti kwa ajili ya kikao," akasema Mkurugenzi, na kabla sijainuka na magoti haya, Bwana Tai alikuwa ameshanyoosha kidole akaipandisha mpaka mwisho.

Na mimi nikasikika chumba kizima, sauti yangu mwenyewe, safi, kutoka kwa mwanamke wa urefu wa kidole:

"Huyu mjukuu wangu, nisiwafiche, sindano imemshinda. Namfundisha tangu ana miaka sita. Akishona kifungo leo, kesho kimeanguka. Akiigusa cherehani yangu, inakohoa. Lakini mwambie akuonyeshe kitu ambacho hakipo: utakiona mpaka utake kukishika."

Yule mdogo akafuta mikono kwenye gauni lake la buluu, akarudi kushona, hana habari. Vichwa vitatu vikainuka kutoka kwake, vikanigeukia mimi. Sisimizi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamruka.

"Bibi," akasema Mkurugenzi polepole, "humu ndani kuna mabibi wawili, na hawasemi kitu kimoja. Nimwamini yupi?"

"Huyu mkubwa," nikasema. "Yule ana umri wa siku nne, anajua nini?"

Bwana Tai alinyoosha ule mkono wake wa kushoto, uliozidi nusu inchi, akaelekeza kidole kwenye kifua cha gauni langu. Nikainama kutazama. Sindano, imechomwa palepale ninapoichoma kila siku nikimaliza kazi, miaka arobaini sasa, na kwenye tundu lake mkia wa uzi mwekundu unaning'inia juu ya kijani.